Nilivyokataa kulipia karatasi ya nailoni Kisii mjini, hasira ikanipatia mke

Wakuu, nawasalimu kutoka huku Ogembo ambako mvua imekataa kwisha.

Nimepitia uzi wa jamaa anayelia kwamba supamaketi inamlipisha mfuko. Nikacheka mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Sasa amevuta kiti, amekaa hapa kando anasoma kila neno, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi. Mtapata ukweli mtupu.

Hii ni ya miaka ya tisini. Nilikuwa fundi cherehani hapa sokoni, kijana wa suruali zilizopigwa pasi na mdomo mrefu kuliko mfuko.

Nilikuwa nampenda Kemunto, binti wa Nyamira. Sisi wawili tulikuwa tumeshakubaliana. Kazi ilikuwa kwa wazazi.

Nilikuwa nimeenda kwao mara mbili na rafiki yangu Mokaya, tumebeba sukari, mkate na mafuta ya kupikia. Mara zote mbili tulinyweshwa chai, tukashukuriwa, tukaambiwa safari njema. Baada ya hapo kimya. Hata salamu haikuja.

Mama yangu akachoka. Akaniambia niende mara ya tatu na ya mwisho. Wakinyamaza tena, yeye anamjua msichana mzuri wa Nyamarambe, binti ya rafiki yake wa kanisani, na mimi niache kumaliza soli za viatu bure. Wakuu, mama yangu hakuwa mtu wa matani. Akishafunga mlango, hata mchungaji haufungui.

Kwa hiyo Ijumaa nikaenda Kisii mjini kununua vitu vya safari ya mwisho.

Kulikuwa na duka la familia moja ya Wahindi ambalo watu wa kwetu waliliamini sana. Mwenyewe tulimwita Babu Kanti. Amezaliwa hapo hapo Kisii, na Ekegusii chake, lugha yetu, kilikuwa safi kuliko cha vijana wengi wa leo. Ukinunua kitu, kinatiwa kwenye karatasi ya nailoni nyeupe yenye jina la duka. Bure kabisa.

Kidogo pembeni. Nyinyi wa juzi hamjui heshima ya ile karatasi. Sisi wa kijijini tuliiosha, tukaianika kwenye ua, tukaikunja chini ya godoro. Ukienda ugenini nayo, kila mtu anajua umefika mjini. Ila wa mjini wenyewe waliitupa ovyo, na mvua ikaisukuma yote mitaroni.

Sasa siku hiyo nikakuta kipande cha kadibodi kwenye kaunta. Kimeandikwa kwa kalamu nene: karatasi shilingi moja.

Foleni ilikuwa imechafuka. Mwalimu mmoja alikuwa anauliza ni sheria gani hiyo na imepitishwa na nani. Mama mmoja alisema kesho tutalipia na hewa ya humo ndani. Mzee mmoja alivua koti, akafunga mchele ndani, akafunga mikono ya koti kama mtoto wa mgongoni, akatoka zake. Wengine walilipa huku wananuna. Wengine waliapa hawarudi, nao ndio niliowaona hapo wiki iliyofuata.

Nilipofika mbele nikaanza hotuba. Babu Kanti alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mtaro imeziba na hizi karatasi," akasema. "Mvua ya juzi imeingia kwa stoo, imeharibu unga. Wewe kuja na kikapu ya mama yako, mimi siulizi hata senti."

Shilingi nilikuwa nayo. Lakini kwangu hiyo ilikuwa ni principle. Nikasema silipi, nikakumbatia vitu vyangu kifuani, nikatoka nimeinua kichwa. Nyuma yangu kuna mtu alinipigia makofi, na mimi nikavimba.

Makofi hayakunifikisha mbali. Nilikuwa naingia soko la Daraja Mbili kutafuta gari la nyumbani mvua ilipokuja, ile ya Kisii isiyopiga hodi. Mfuko wa kaki wa sukari ukalowa, ukapasuka chini. Sukari yote ikaingia kwenye matope katikati ya soko. Mkate nao ukawa uji.

Mama mzee aliyekuwa akiuza vikapu alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanivuta chini ya turubai lake na kunipangusa mabega kwa leso. Nilitaka kulia, sitaficha. Nilimwona Kemunto anapotea mbele ya macho yangu kwa sababu ya shilingi moja.

Nikanunua kwake kikapu, egetonga ya kwetu ile ya kusukwa, kwa bei ambayo ingenipa karatasi za mwaka mzima. Hasira hasara, wahenga hawakukosea. Mvua ilipopungua nikarudi kwa Babu Kanti nimelowa kama kuku. Hakunicheka. Alitia sukari na mkate mwingine kwenye kikapu, akapokea pesa yake, na juu yake akaweka paketi ya majani chai ya bure. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Shida ilianza nilipofika nyumbani.

Mnajua kwetu mwanamume habebi kikapu. Karatasi ya nailoni anabeba hata mwanamume, haina neno. Lakini kikapu ni cha kichwani kwa mwanamke. Kutoka stendi mpaka kwetu tu nilikuwa nimetaniwa vya kutosha. Mokaya alipokiona alisema Jumapili ana kazi nyingi.

Mama alikigeuza geuza. Akauliza nani atakipeleka Nyamira. Kisha akaenda kukata jani la mgomba, akalitandika ndani, akatia na unga wa wimbi wa kusaga mwenyewe. Akasema Jumapili tunaondoka mapema. Ndipo nikaelewa kwamba anakuja. Sikuwa nimewahi kufikiria kumwomba.

Tulipofika kwa akina Kemunto, mama yake alikuwa anafagia uwanja. Alimwona mama yangu langoni na mzigo kichwani. Aliangusha ufagio, akaja mbio, akautua ule mzigo kwa mikono yake mwenyewe. Wakashikana mikono muda mrefu, halafu wakaingia jikoni wakaniacha na mzee.

Baba yake Kemunto alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suti na maneno machache. Tulizungumza habari za majani chai mpaka zikaisha. Jikoni nikasikia kicheko.

Baadaye wale mama wakatoka. Mama yake Kemunto akanitazama.

"Mara mbili umetuletea karatasi, kama mtu anapitia tu kutoka duka," akasema. "Tukasema huyu kijana hana watu. Sasa tungerudishia nani?"

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Nilijua vizuri kwamba kwetu kikapu kilichokuja na chakula hakirudi kitupu. Mwenye nyumba hukitia kitu chake, akakipeleka, na hapo ndipo anapoona kwenu na watu wenu. Karatasi hairudishwi. Inabaki huko huko na jina lake la duka.

Yaani Nyamira walikuwa wanangoja mama mzazi aonekane. Ogembo mama yangu alikuwa anangoja jibu lao. Kila upande ulidhani umedharauliwa, na katikati nilikuwa mimi, najivunia mambo ya mjini.

Tuliondoka mikono mitupu. Kikapu kilibaki, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niiandike vipi.

Wiki tatu zikapita. Mama alikuwa akipita barabarani mara kumi kwa siku akisema anatafuta kuku.

Siku waliyokuja ilikuwa ya soko, na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mama yake Kemunto aliteleza akishuka kwenye gari, mguu ukamuuma, hakuweza kubeba kitu. Mimi niko kwenye cherehani naona watu wamegeuza shingo. Kutazama, ni yule mzee wa kanisa, suti nyeusi, tai, kikapu kimejaa ndizi na wimbi begani, anapita katikati ya soko la Ogembo. Mkewe anachechemea nyuma.

Watu walicheka waziwazi. Nikakimbia kumpokea, nikamwambia baba niachie, watu wanakucheka.

Akakataa. "Wacha wacheke," akasema. "Nikiacha mtu mwingine abebe, wewe utajuaje nimekubali?"

Akakifikisha mwenyewe mpaka mlangoni kwa mama yangu.

Basi wakuu, ndiyo hiyo. Mjini nako watu walizoea. Kabla ya mwaka kuisha wauza vikapu wa Daraja Mbili walikuwa wamesogea mpaka karibu na maduka, na mtaro wa nyuma ukawa unapitisha maji. Wale waliopiga kelele sana ndio walionunua vikapu vikubwa zaidi, mimi nikiwa wa kwanza.

Nilichojifunza ni kimoja. Kabla hujasema watu wamekukataa, jiulize kama umewaachia njia ya kukujibu.

Mke wangu Kemunto anasema nimesahau kuandika kwamba Jumapili ile alilia jikoni kwao. Nimeandika.

Haya, tupeni za kwenu. Nani mwingine aliwahi kukataa kulipia karatasi, na ilimpeleka wapi?