Breki ya Upande wa Mwalimu

Mume wangu anafundisha udereva, na gari lake la kazi lina breki mbili: moja ya mwanafunzi, nyingine miguuni pake yeye. Mguu wake wa kulia haujui likizo. Hata akiwa kwenye kochi, mtu akikatiza mbele yake ghafla, utamwona anakanyaga zulia. Mimi na watoto tulikuwa tunamcheka.

Kitindamimba wetu alijifunzia kwenye gari hilohilo. Bia nayo akajifunzia huko kwa marafiki zake. Nimefoka mpaka koo limekauka. Mwalimu, baba yake, akaniambia nimwachie, dawa ya moto ni moto: kijana akirudi ananuka pombe, atampa usukani wazunguke uwanjani, ajionee mwenyewe anavyoboronga. Haya, si angemwacha aboronge! Wapi. Kijana akichelewa kuiona nguzo, baba mtu keshakanyaga kimyakimya. Mtoto akashuka anachekelea.

"Mama, mimi nikinywa ndiyo naendesha vizuri zaidi."

Nilimtazama baba yake, naye akatazama pembeni. Aliniambia chumbani kwamba mguu ulikwenda wenyewe, na kwamba atamweleza mwanawe kesho. Kesho yake ilikuwa kesho ya mdaiwa. Uwanjani walirudi tena na tena.

Ndipo siku moja kijana akaazima gari la mjomba wake, lenye breki moja kama magari yote ya watu. Alikuwa amekunywa. Pembeni yake, kwenye kiti ambacho hukaa baba yake, alikaa dada yake, binti yangu wa pekee, anawahi kazini. Mbele yao lori lilisimama, taa nyekundu zinawaka, mchana kweupe.

Binti yangu tumemzika. Uchungu wake sina pa kuuweka. Mdogo wake amelazwa, miguu yote imefungwa plasta, na kila tukiingia wodini swali lake ni hilohilo.

"Baba, nilikanyaga palepale ninapokanyaga siku zote. Mbona halikusimama?"

Mume wangu hushika chuma cha kitanda tu. Nami nasubiri aliyelikoroga alinywe, maana nikisema mimi, nyumba yenyewe iliyobaki itavunjika.

Jana kijana alichoka kusubiri, akajijibu mwenyewe. Alisema breki za mjomba ni mbovu, na akipona ataendesha la baba tu, maana lile linamsikia.

Baba yake akamfunika shuka vizuri.

"Ndiyo, mwanangu," akasema.