Anza Upya

Tabita alikuwa mwalimu wa kwaya pale Chapwa, mjini Tunduma, na waimbaji walimkoma. Sauti ya tatu ikiteleza kidogo tu, kijiti chake kinagonga benchi: "Anza upya!" Wimbo mzima, tangu ubeti wa kwanza. Walinung'unika, lakini Pasaka ikifika sifa zao zinavuka mpaka hadi Nakonde, Zambia, na manung'uniko yanaishia hapo.

Ubaya ni kwamba kijiti hicho alirudi nacho nyumbani. Bintiye Irene alikuwa na kigugumizi, na kila alipokwama kwenye neno mama alimkatisha: "Anza upya, useme vizuri." Samaki mkunje angali mbichi, alijitetea. Samaki akakunjika kweli! Alipofika darasa la sita, Irene hakuomba hata chumvi mezani.

Ndipo Tabita akampeleka Mbeya kwa mtaalamu wa matamshi, kijana mmoja mpole. Alimsikiliza Irene bila haraka, kisha akamgeukia mama. "Kigugumizi hukumpa wewe, mama. Ila hofu ya kukosea, hiyo unaipalilia. Mwache akwame. Msubiri."

Tabita alirudi Tunduma amenywea. Alijifunza kunyamaza, na Irene akajifunza kukwama bila kukimbia. Lakini hatia ilimkaa mama moyoni, kila alipokumbuka ile miaka ya chumvi.

Wala hakupona sawasawa. Siku ya sendofu ya Irene, mwaka 2013, alimnong'oneza mshereheshaji kwamba shukrani za bibi harusi kwa wazazi zitolewe na shangazi Ketrina. Aliogopa aibu, basi. Ketrina akaletewa kipaza sauti. Irene akanyoosha mkono, akakichukua yeye.

"M-m-mama," alisema mbele ya ukumbi mzima, "a-asante kwa ku... kwa kunisubiri."

Alikwama, akavuka, akakwama tena, akamaliza. Hakurudi nyuma hata mara moja. Tabita alitamani ardhi impasukie. Kumsubiri? Sasa hivi tu alikuwa amempa shangazi zamu yake ya kusema!

Ikawa zamu ya mama kutoa baraka. Maneno yake alikuwa ameyakariri wiki nzima.

"Irene mwanangu, Mungu aku..." Akakohoa, akafuta macho. "Samahanini. Naanza upya. Irene mwanangu, Mungu..."

Maneno yakagoma tena palepale. Irene akamsogelea, akamshika kiwiko.

"U-usianze upya, mama. Endelea ha-hapo hapo. Tunakusubiri."