Anayeogopa Manyunyu

Saa moja asubuhi, Mama Majani anatembea malishoni akihesabu hatua kwa sauti. Kila hatua ya pili anachota konzi ndogo kwenye ndoo na kuirusha. Ndani mna mbegu za klova, majani ya kulishia ng'ombe, ndogo kuliko ulezi, alizochanganya na mchanga mkavu. Bila mchanga zingemponyoka zote mahali pamoja.

Ardhi imekauka kau. Nyasi zimebaki vishina tu, maana amewaacha ng'ombe wake sita wazile mpaka chini kwa makusudi, mbegu zipate kugusa udongo.

Majirani walimbandika jina la Mama Majani kwa sababu yeye hupanda majani wakati wenzake wanapanda mahindi. Jina amelizoea. Kinachomnyima raha ni wingu lililotanda tangu jana.

"Mwaka jana niliingia mkenge," anajisemea, macho juu. "Kulinyesha manyunyu siku mbili, nikapanda mbio mbio. Mbegu zikaota vizuri. Kisha jua likawaka siku tisa. Zikafa zote, mimi naziangalia."

Msimu ule maziwa yalishuka kutoka lita arobaini kwa siku hadi kumi na nane, na ng'ombe wawili wakauzwa. Safari hii anapanda katika ukavu. Mbegu kavu, anajiambia, husubiri. Ikishalowa na kuamka haina subira tena.

Akimaliza, anawapitisha ng'ombe juu ya shamba mara mbili, kwato zikandamize mbegu. Akiba ya mbegu hana hata konzi moja.

Saa nane mchana manyunyu yanaanza. Wifi yake, anayekamua naye, anatoka zizini akicheka.

"Wifi, watu wote wanaomba mvua, wewe umenuna?"

"Hii si mvua, wifi. Ama inyeshe kweli, ama iache."

Wifi anaacha kucheka. Mmoja wa ng'ombe waliouzwa alikuwa wake.

Robo saa baadaye yanakatika. Mama Majani anapiga magoti, anachomeka kidole ardhini. Unyevu umeishia kwenye ukucha.

"Jua litaukausha kabla mbegu hazijaamka," anasema. Kisha, polepole: "Nadhani."

Wifi anachuchumaa kando yake na kuchomeka kidole chake.

"Siku unyevu ukifika pingili ya pili ya kidole, nina malisho," Mama Majani anamwambia. "Na ng'ombe wa kwanza nitakayemnunua ni wako."

Wifi anasogea hatua mbili, anapima tena.