Baba Yangu Kasimama Mkutanoni

Jamani, leo baba yangu kaniliza mbele ya watu wa Mungaa!

Mnajua mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Asubuhi nilikuwa kwenye mkutano wa kijiji, naeleza jinsi sigara inavyounguza mapafu na nyumba pia.

Somo limeshanoga, mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Binti, baba yako anavuta mpaka kitandani. Si ungeanza na huyo?"

Watu wakaangua kicheko. Nikatamani ardhi ipasuke. Baba mwenyewe alikuwepo, amekaa nyuma kabisa na mama. Nimembembeleza miaka aache, hasikii.

Akasimama. Nikajua leo naumbuka.

"Ni kweli nilikuwa navuta kitandani," akasema. "Mwezi uliopita nilipitiwa na usingizi, sigara mkononi. Godoro likashika moto, na mjukuu wangu kalala pembeni. Mke wangu ndiye aliyetuokoa kwa ndoo ya maji. Tangu siku hiyo sijavuta. Binti yangu sikumwambia, maana niliogopa nikirudia nitamvunja moyo."

Nikamgeukia mama. Eti anaangalia pembeni! Na aliniambia kanunua godoro jipya kwa sababu ya kunguni 😭

Vigelegele vikapigwa. Mimi nimeshindwa hata kumalizia somo.

Na mkutano ulipoisha hakuna aliyenifuata mimi. Wavutaji wote wamemzunguka baba, wanamuuliza ameachaje.

Mwageni hongera zake hapa chini, jioni namsomea zote.