Lita Kumi na Tatu kwa Saa

Babu yangu mzaa mama alifariki Manono mwezi wa pili mwaka 2004, na mama yangu, Laurentine, alipanda lori siku ileile aliyosikia habari. Yalikuwa majira ya mvua. Lori lilikwama mara tatu kabla ya Mitwaba, daraja moja lilikuwa limechukuliwa na maji, na mama alifika kwao siku ya tisa. Watu walikuwa wameshazika na matanga yamekwisha. Aliporudi Lubumbashi aliketi kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu, matope yamemfika magotini. Baba alimletea maji ya moto kwenye beseni, akapiga goti, akamwosha miguu mwenyewe.

"Kutoka hapa mpaka Manono haifike kilometa mia tano kwa ndeke," baba alimwambia. Ndeke ndivyo tunavyoiita ndege mjini kwetu, na bukari ni ugali. "Saa tatu tu. Muntu anakunywa chai hapa, anakula bukari kule."

"Ndeke ya nani?" mama akauliza.

Baba aliendelea kumsugua matope. Mimi, Léa, mwana wao wa pekee, nilikuwa na miaka kumi na saba, na nadhani ndiyo mara ya mwisho kumwona baba akikosa jibu la swali lihusulo ndege.

Jina lake ni Rigobert Kalenga. Ukoo wake ni wa Kongolo. Baba yake alishushwa kusini na kazi ya reli akabaki. Baba alikuwa fundi wa mbao na mabati kwenye hangari moja ya Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kwa miaka ishirini na sita, akiziba matundu ya ndege ndogo zilizopeleka mapadri na wahandisi vijijini. Hangari ilipofungwa, alirudi nyumbani na sanduku la vifaa vyake na bahasha nene ya ramani. Zilikuwa ramani za ndege ya viti viwili ya kujitengenezea, ya mbao na kitambaa, ambazo fundi mmoja Mbelgiji alizisahau kabatini zamani. Miezi michache baada ya mama kurudi kutoka Manono, baba alizitandaza juu ya meza ya kulia chakula, akaziwekea vikombe kwenye pembe zisijikunje. Tangu siku ile tulikula tukiwa tumepakata sahani.

Nyumba yetu ya mtaa wa Ruashi ilikuwa mpya wakati huo, nayo haikuwa na dari. Hilo lilimfaa baba, kwa kuwa bawa la kushoto lilizaliwa sebuleni, na bila dari lilipata pa kuinua ncha yake. Nilijifunzia mitihani yangu ya diploma chini ya bawa. Wageni waliinama kulipita kama wanaingia kanisani. Mama ndiye aliyelivisha. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilishona kitambaa cha mabawa yote mawili, mshono juu ya mshono, baba akisimama nyuma yake na rula.

"Papa Léa, niache nishone," mama alikuwa akisema. "Minashona tangu zamani, ulikuwa hauyanioa."

Mashine ya ndege, yaani injini, ilitoka kwa Edouard Chilufya. Edouard alikuwa rubani wa siku za hangari, mtu mwembamba, mcheshi, mwenye kuvaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Alikuwa na gari dogo la zamani lenye mgongo wa mviringo, lile tunaloliita coccinelle, ambalo ndilo alilomchumbia nalo mkewe. Siku moja alikuja nalo Ruashi, akashuka, akampa baba ufunguo.

"Toa mashine," alisema. "Lakini mimi njo nitaendesha ndeke. Hapana muntu mungine."

Baba aliukataa ufunguo mara mbili. Mara ya tatu aliupokea kwa mikono miwili.

Kazi yote ilichukua miaka tisa. Nilimaliza masomo, nikawa mwalimu, nikaolewa, na bado niliposafiri kuja kuwasalimu nilimkuta baba akipiga msasa. Karatasi za ruhusa pekee zilikula mwaka mzima. Hatimaye, asubuhi moja ya mwezi wa tano mwaka 2014, kwenye uwanja wa udongo katika shamba moja njia ya Kipushi, Edouard aliirusha ndege. Iliondoka chini kwa shida, maana Lubumbashi iko juu sana na hewa yake ni nyepesi, lakini ikishapanda ilipita kama swala. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Baba hakupiga makofi. Alikuwa anaangalia saa.

Hapo ndipo ugomvi wa baba na Edouard ulipoanza, na nikikumbuka miaka ile, naukumbuka ule ugomvi kwa upendo kuliko kitu chochote.

Edouard alipenda mbio. Alikuwa rubani, na kwake mashine iliyo na nguvu isiyotumiwa ni dhambi. Mwaka uliofuata alikwenda Kolwezi peke yake. Kwenda, upepo ulimsukuma mgongoni, akafika akicheka. Kurudi, upepo uleule ulikuwa usoni, na yeye akaamua kuushinda kwa kusukuma mkono wa gesi, ule wa kuongeza mwendo, mpaka mwisho. Kipimo cha mafuta kilikuwa kizibo kinachoelea tangini na waya uliochomoza nje. Karibu na Likasi, ule waya ulizama wote. Aliteremka kwenye barabara ya udongo mwekundu, kati ya wanawake waliokuwa wakiuza makaa, na ndege ikasimama bila mkwaruzo.

Baba alimfuata kwa gari la kukodi na bidoni, dumu la petroli. Nilikuwa likizo, nikaenda naye. Tulimkuta Edouard ameketi chini ya bawa, anakula ndizi aliyopewa na wale wanawake.

"Ulisukuma gesi yote juu ya nini?" baba alimuuliza sababu, hata kabla ya kumsalimu.

"Rigo, ndeke haiko kinga," Edouard alisema. Kinga ni baiskeli. "Kama unataka kuenda polepole, panda kinga."

"Hii mbiyo yako inakunywa essence kama mulevi! Ungeanguka? Ningemwambia nini bibi yako?" baba alifoka. Essence ni petroli.

"Lakini sikuanguka."

"Na kule Manono? Essence utatoa wapi?"

Edouard aliacha kutafuna. Alivua miwani yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Manono?" akasema. "Njo kule unataka iende?"

Baba hakuwa amemwambia mtu. Pale barabarani, bidoni mkononi, alieleza kwa mara ya kwanza. Mama mkwe wake alikuwa anazeeka Manono, na Laurentine hakuwa ametia mguu kule tangu safari ya lori. Barabara ilizidi kuoza, na kwa miaka kadhaa bunduki ziliifunga kabisa. Ndege ilibidi iende na kurudi kwa mafuta ya kutoka nayo nyumbani, kwani petroli ya Manono huwezi kuitegemea. Na ilibidi iwe na mbio za kutosha ili safari iishe kabla ya upepo na joto la mchana.

Edouard alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ungesema tangu zamani, kaka," akalipokea bidoni.

Kuanzia hapo waliijaribu ndege kama daktari anavyompima mgonjwa. Kila Jumamosi asubuhi, hewa ikiwa bado tulivu, waliruka wote wawili, Edouard kwenye usukani na baba pembeni na penseli. Waliruka robo saa kwa mwendo mmoja, wakashuka, wakajaza tangi kwa chupa ya lita moja ili kujua kilichonywewa, wakaruka tena kwa mwendo mwingine. Kwenye kilometa 190 kwa saa, mashine ilikunywa lita ishirini kwa saa. Kwenye 165, lita kumi na tatu. Baba alirudi nyumbani akituonyesha tarakimu zile kama picha za wajukuu.

"Unaona, Mama Léa? Kilometa makumi mbili na tano tu zaidi, na lita saba zinapotea!"

"Zinaenda wapi?" mama aliuliza.

"Kusukuma upepo. Ukiongeza mbiyo kidogo, upepo unakukatalia mingi."

Mama alifikiri, sindano mdomoni. "Basi ufanye upepo usikukatalie."

Baba alipenda kusimulia kwamba ndege yake ilipata maprofesa wawili, na mmoja wao alikuwa na cherehani. Maana ni mama aliyetoa vipande vya uzi wa sufu, vyekundu, vilivyobaki kwenye sweta langu la utotoni. Walivibandika mamia kwa mamia juu ya mbao na kitambaa, wakaruka, wakaviangalia. Pale ambapo hewa ilipita vizuri, nyuzi zililala kama nywele zilizochanwa. Pale ambapo hewa ilichafuka, zilicheza kama vichaa: kwenye maungio ya bawa na kiwiliwili, nyuma ya magurudumu, pembeni mwa mashine. Baba alikwenda akitibu pahali kwa pahali. Maungio aliyajaza mviringo laini wa mbao. Magurudumu aliyavika viatu vya bati vyenye umbo la tone la maji. Nyufa za mabawa ziliwekewa ukanda wa kitambaa, kazi ya mama tena. Halafu msasa, rangi, msasa, rangi.

Ilichukua karibu miaka mitatu. Jumamosi moja ya mwaka 2018, walishuka, wakajaza tangi kwa chupa, wakahesabu mara mbili. Lita kumi na tatu kwa saa, zilezile. Lakini mwendo ulikuwa kilometa 178.

"Mbiyo yangu," Edouard alisema.

"Essence yangu," baba alisema. Wakakumbatiana pale uwanjani, wazee wawili wananuka petroli.

Tulikwenda mwezi wa sita mwaka 2019. Nasema tulikwenda, lakini viti vilikuwa viwili. Mama alikuwa na kilo hamsini na nne, na kiti cha pili, pembeni mwa Edouard, kilikuwa chake tangu mwanzo. Tangi lilibeba lita hamsini na tano. Mabidoni mawili ya lita kumi na tano yalifungwa nyuma ya viti. Kwa mizigo zilibaki kilo nne. Mama alitaka kupeleka sukari, chumvi, sabuni, kitenge na picha ya arusi yangu kwenye fremu. Baba alivipima vyote kwa mizani ya sokoni. Mama akatoa nguo zake zote za kubadilisha, kisha asubuhi ya safari akatokea amevaa magauni mawili, moja juu ya lingine.

"Mama Léa," baba alisema, "kilo ni kilo, hata ukiivaa."

"Basi toa fremu," mama alisema, "picha nitaibeba kifuani." Magauni hakuyavua.

Mama na Edouard waliondoka saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Kulikuwa na baridi kali ya kiangazi, na nyasi za uwanja zilikuwa nyeupe kwa umande. Ndege ilikimbia sana, ikapanda kidogo kidogo, ikageuka kaskazini. Sauti ya coccinelle ilisikika kwa muda mrefu baada ya ndege yenyewe kutoonekana. Baba aliketi juu ya bidoni tupu, saa mkononi. Nilimpa chai ikapoa.

Saa tatu na dakika tano simu ililia. Ilikuwa sauti ya mama, na nyuma yake kelele za watu.

"Tumefika! Papa Léa, tumefika, na chai yako iko bado ndani ya tumbo!"

Walikuwa angani kwa muda wa saa mbili na dakika arobaini na nne. Baba akanipa simu.

Mengine mama alitusimulia aliporudi. Bibi yangu alikuwa na miaka themanini na minane, macho yamebaki kivuli tu. Alipoambiwa kwamba binti yake amekuja, aliinama akampapasa miguu, akapapasa tena.

"Kama umetoka Lubumbashi, mavumbi ya njia iko wapi?" aliuliza.

"Sikupita njia, mama. Nilitoka leo asubuhi."

"Leo hii?"

"Leo hii."

Bibi alicheka, halafu akalia, halafu akaagiza kuku achinjwe. Walikaa siku mbili. Mama alimwogesha, akamsuka, akamwachia lile gauni la juu. Siku ya tatu walirudi, na tangini zilikuwa zimebaki lita kumi na mbili. Bibi alifariki miezi mitano baadaye, katikati ya mvua isiyoruhusu hata ndege yetu, na hakuna aliyeweza kwenda. Mama alilia kama mtoto alivyo na haki ya kulia. Lakini hakuketi jikoni na viatu. "Mimi nilimuaga," aliwaambia waliokuja kutupa pole. "Nilimuaga vizuri."

Mama mwenyewe alitutoka mwaka 2022, kwa ugonjwa wa moyo. Edouard hana tena macho ya kuruka. Anakaa Kipushi kwa wanawe. Ndege imesimama kwenye hangari moja ya Luano, kati ya ndege za watu wengine, na mwanamke mmoja rubani, Mapalo, huirusha mara moja kwa mwezi ili mashine isishike kutu. Baba ana miaka sabini na mitatu. Jumapili, baada ya misa, huenda kuifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, akianzia mbele kuelekea nyuma, kama hewa inavyopita.

Mwezi wa saba mwaka huu nilikwenda naye. Nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: kama haimuumi kwamba yeye, aliyeijenga, hakuwahi kufika nayo Manono.

Alikunja kitambaa taratibu. "Ile siku, wakati nilikuwa juu ya bidoni," alisema, "nilikuwa naangalia saa. Nilikuwa nasema: sasa banapita muto Lufira. Sasa mama yako anaona milima ya Kundelungu kwa mukono wa kuume, anamushika Edouard bega. Sasa milima ya Mitwaba, pale lori ilimulaza siku mbili, anaipita dakika tano. Nilienda nabo yote, Léa. Hakuna pahali sikupita."

Akaufungua mlango mdogo wa ndege, akasukuma mbele kiti cha upande wa kulia, kile alichokalia mama, akaanza kufuta nyuma yake.