Nyumba ya Kombi Kule Rweya

Harufu ya bati jipya likipigwa jua baada ya mvua hunirudisha Ijumbi, kijijini kwetu, hata nikiwa katikati ya shughuli zangu. Wenzangu hukumbuka utoto wao kwa harufu ya ndizi na dagaa. Mimi ni bati, msinicheke.

Baba yetu, tuliyemwita Tata kama Wahaya wengi, alikuwa akiuza vitambaa Bukoba mjini. Miaka michache baada ya vita alirudi nyumbani na kombi aliyouziwa na padri mzungu aliyekuwa anarejea kwao. Si kombi ya abiria, la hasha! Ilikuwa na kitanda na kabati, gari la kutembelea nchi. Tata alituahidi kwamba tutalala ndani yake kando ya ziwa, tufike hata Mwanza. Nikalitangazia darasa zima.

Hatukufika hata Muleba mjini. Tata alianza kukohoa, akakonda, na watu wakawa wanatusalimia kwa mbali. Ugonjwa ule ulikuwa umeshafunga nyumba nyingi kijijini. Kila ukigeuka, kaburi jipya migombani. Nami nikawa najifungia ndani ya kombi, nashika usukani, naendesha bila kwenda popote. Nililia humo kwa hasira. Nilijiona kama kuku chini ya tenga.

Ndipo Tata alipoanza habari ya banda la gari. Baba mkubwa, kaka yake, alishauri la nyasi. Jirani akasema turubai linatosha. Tata akakataa yote mawili: nyasi huliwa na mchwa, turubai hupasuka. Alitaka matofali ya kuchoma, nguzo za mishambya, mti usioliwa na mchwa, na bati juu. Nyumba yetu wenyewe ilikuwa ya udongo!

Tena hakulijenga kwenye kibanja, kati ya migomba na mibuni ya ukoo. Alilijenga kule rweya, kwenye mbuga ya nyasi nje ya kijiji, ambako wanawake hulima njugumawe. Alitafuta kipande pale, na siku ya kukabidhiwa, mbele ya mashahidi, mama ndiye aliyewagawia watu lubisi, pombe yetu ya ndizi, kama mnunuzi afanyavyo. Wanaume walikunywa huku wakinong'ona kwamba homa imempanda mgonjwa kichwani.

Baba mkubwa alipoona mafundi wanaacha nafasi za madirisha, alishika kiuno.

"Ehee, mdogo wangu! Gari nalo linataka kuchungulia nje?"

"Acha lipate hewa, kaka," Tata alijibu, ameegemea fimbo. "Hata jiko nitaliwekea."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mama hakucheka, aliendelea kubeba maji ya kuchanganyia udongo. Mimi niliona aibu, jamani, nikamchukia Tata kidogo. Nguvu zake za mwisho anazimalizia kwenye matofali, badala ya kutupeleka ziwani.

Kombi ililala kule siku chache tu, Tata akafariki. Baada ya matanga ukoo ulikaa. Kibanja kikaenda kwa baba mkubwa, pamoja na nyumba na kombi. Mama aliambiwa achague: arithiwe na shemeji yake, au arudi kwao. Na kwao kaka zake wote walikuwa wameshazikwa. Nilimshika kanga, kwa sababu sikuona pa kutokea.

"Na lile banda je, shemeji?" mama aliuliza taratibu.

"La rweya?" Baba mkubwa alicheka. "Pale si pa ukoo, ulipanunua mwenyewe na lubisi yako tuliinywa. Nenda kalale na njugu zako."

Tukaenda. Shuleni waliniita mtoto wa gereji, nami kila jioni, tukisukuma ule mlango mpana wa gari kuufunga, nilihisi tumefungiwa kama mizigo. Nililaani kombi, nikalaani matofali. Lakini hakuna aliyekuja kututoa, wala mvua haikuingia.

Nilikuwa nimeshapata watoto wangu nilipomwuliza mama kama Tata alijua yatakayotukuta. Alikuwa anapepeta njugu pale dirishani, hata hakuinua kichwa.

"Mwanangu," alisema, "uliona wapi gari linapika?"