Makumbi Yasiyo na Mwenyewe

Mpaka leo nikisikia mtu anataja karavani damu inanichemka, na karavani yenyewe ni yangu. Mume wangu aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama Dar es Salaam: kijumba cheupe cha magurudumu mawili, cha kufungwa nyuma ya gari na kukokotwa, ndani mna vitanda, jiko la gesi na kimeza cha kukunja. Mume wangu ni mtu wa bara, na tangu akipate kijumba hicho hana tena habari na nyumba za watu. Likizo hii tumekikokota Bagamoyo, likizo ile Lushoto. Mwaka jana akasema tukikokote mpaka Pemba, tuvuke na meli ya magari, ili na mie nikaone kwetu. Nikafurahi, wala sikumuuliza tutalala wapi.

Kwetu ni Chokocho, kusini. Mama yangu alikwishafariki, lakini mdogo wake yupo palepale, katika nyumba ileile niliyozaliwa. Mpemba akirudi kwao, hata kama ameshuka melini na homa, kwanza anakwenda kuamkia. Anapiga hodi, anapewa maji, wanawalilia kidogo waliokufa, ndipo anatafuta pa kuweka begi lake. Mie nilishuka Mkoani, tukaipita njia ya kwetu, tukafikia kwenye kiwanja cha makaravani ufukweni, mwendo mfupi tu kutoka nyumba ile. Watoto walikuwa wamechoka, na mume wangu alikwishaagiza nafasi. Nikajiambia nitakwenda kesho. Kesho ilipofika nikajiambia tena kesho.

Kiwanja chenyewe nilikichukia tangu getini. Uzio wa waya umeshuka mpaka kwenye tope la pwani, mawe yamepakwa chokaa kuonyesha kila gari lisimame wapi, na kuna kibao kinachokataza kuanika nguo nje. Hebu niambieni, pwani, mtu akatazwe kuanika nguo. Majirani zetu walikuwa Wazungu wawili wazee wenye lori lililogeuzwa nyumba, watu wasio na neno na mtu, na familia moja ya Unguja iliyopiga hema. Meneja alikuwa bwana wa makamo, mtanashati, kila akinena nami ananiita "mgeni wetu". Mie, mgeni, Pemba.

Asubuhi ya pili maji yalipokupwa, harufu ikaja. Mtu wa pwani hana haja ya kuambiwa ni nini. Wanawake wa kwetu hufukia makumbi ya nazi kwenye tope, yakakaa miezi mpaka yakalainika, kisha huyafukua na kuyaponda wakapata usumba wa kusokotea kamba. Uvundo wake usiuseme. Lakini kila shimo lina mwenyewe. Binti hulirithi kwa mama yake, nalo huzungushiwa mawe ili lijulikane ni la nani. Na shimo halikai tupu. Likikaa tupu, na hakuna wa kulisemea, yeyote aweza kulichukua.

Mume wangu akaziba pua akaenda kulalamika ofisini. Nilimwambia hiyo ndiyo harufu ya kamba za kitanda nilichozaliwa juu yake. Akasema kitanda hana ugomvi nacho, ila watoto wameshindwa kunywa chai. Punde meneja akaja na mlinzi wake, akanichukua mpaka kwenye tope, maana lafudhi yangu alikwishaisikia. Akanionyesha shimo moja lililoangukia ndani ya uzio. Mengine yote yalikuwa nje. Akaniuliza kwa adabu kama namjua mwenyewe, amwite wazungumze.

Nilimjua. Mama yangu aliweka alama ya jiwe la kusagia lililopasuka, nusu huku na nusu huku, na nusu zote mbili zilikuwa mbele ya miguu yangu. Kama lilikuwa limejazwa, basi aliyelijaza ni mama mdogo. Nikimtaja ataitwa, atakuja, atanikuta na kikombe cha chai mkononi, nimelala siku mbili karibu na mlango wake bila kumwamkia. Niliona haya. Haya hizo ndizo zilizosema, lakini mdomo ulikuwa wangu.

"Simjui," nikasema. "Mie si wa pande hizi."

Mlinzi alinitazama. Meneja akasema basi, hayo makumbi hayana mwenyewe, akanishukuru.

Waliyafukua hapohapo, kabla maji hayajarudi, mie niko bafuni nawaogesha watoto. Nilipotoka nikakuta makumbi meusi yametapanywa mpaka majini, na lile jiwe limetupwa kando ya uzio. Nilimtolea mume wangu matusi niliyodhani nimeyasahau. Yeye akaniuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini sikusema ni ya kwetu. Nikamtukana zaidi, kwa kuwa alikuwa na haki ya kuuliza. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu hayakungoja hata chakula cha mchana.

Nikavaa buibui, nikaenda kwa mama mdogo kwa miguu. Aliitikia shikamoo yangu, akanipa maji, tukawalilia waliokufa. Akauliza nimefika lini. Nikasema leo. Akafurahi, akasema nimekuja wakati mwema, makumbi yangu yamekaribia kufukuliwa. Nikauliza makumbi yangu yepi. Ndipo akanieleza, huku akipepeta mchele, kwamba tangu mama afe yeye hulijaza lile shimo kila mwaka kwa jina langu. Wanawake wenziwe amewaambia ni la binti wa marehemu, yuko bara, atarudi. Mwaka huu magoti yamemsumbua, shimo lake mwenyewe ameshindwa kulijaza. Langu kalijaza.

Nikamwambia limefukuliwa. Zaidi ya hapo sikumwambia kitu.

Akainuka na magoti yake, akatia makumbi mapya kwenye pakacha, tukaondoka. Nilikuwa mbele, nimepandwa na mori, natunga maneno. Getini nikamtaka meneja, nikambwatukia mbele ya Wazungu, mbele ya watu wa Unguja, mbele ya mume wangu. Nikamwambia amedhulumu watu, amefukua shimo la marehemu, arudishe jiwe mahali pake na atuache tufukie. Nikasema shimo lile ni langu.

Laiti naye angepandisha sauti.

"Asubuhi nilikuuliza, bibie," akasema. "Ukanambia mwenyewe humjui, na wewe si wa pande hizi. Mlinzi huyu ni shahidi."

Mama mdogo akamgeukia mlinzi, mtoto wa jirani yake. Hakumuuliza kama ni kweli. Alimuuliza tumefika lini.

"Juzi, Bi," mlinzi akajibu, akatazama chini.

Mama mdogo aliitazama karavani, mlango uko wazi, vikombe viko juu ya kimeza. Hasira zote zile, na sikuwa na wa kumtupia.

"Nyumba yako ina magurudumu, mwanangu," akasema. "Nenda nayo."

Akamsalimia mume wangu vizuri, akawabusu watoto mmoja mmoja, akainama kulichukua pakacha lake. Nikanyoosha mikono nimpokee. Hakunipa.